Rangi ya skrini na rangi ya karatasi: somo la kadi 120 za harusi

Mwaka uliopita mama mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa alinijia na kazi ya kadi za harusi ya binti yake. Alitaka kadi 120, na sharti lake lilikuwa moja tu: buluu ya kadi iwe ni ile ile ya leso watakazovaa jamaa wa bibi harusi, leso ambazo walikuwa wamekwisha kuzinunua Mtaa wa Biashara. Alinitumia picha ya leso kwa simu. Niliichukua buluu kutoka kwenye picha ile, nikaipanga kadi kwenye kompyuta, nikamrudishia aitazame, naye akaridhia. Nilizichapisha zote usiku mmoja. Asubuhi alipofika aliitoa leso mkobani, akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kadi moja juu yake na kunyamaza kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "hii si rangi niloitaka. Hii ni ganda la bilingani."

Alisema kweli. Leso ilikuwa buluu safi, na kadi ilikuwa zambarau iliyofifia. Nilipoigeuza skrini ili aione, buluu ilikuwa pale pale, inang'aa. Nilitaka kumwonyesha kwamba sikukosea, lakini nilipoona macho yake yakitoka kwenye skrini na kurudi kwenye kadi nilielewa kwamba skrini haikuwa shahidi wa lolote. Yeye hakuja kununua picha ya kwenye kompyuta, alikuja kununua karatasi.

Tangu siku ile nimelishughulikia jambo hili kwa bidii, kwa sababu naona vijana wengi wenye vibanda vya uchapishaji mjini hapa, na makarani wengi wa ofisini, wanalaumu printa kwa kosa ambalo si lake. Wananunua katriji mpya, wanabadilisha karatasi, wanachapisha tena na tena, na rangi haiji.

Chanzo cha tatizo kinaonekana kwa macho. Tia tone dogo la maji juu ya kioo cha simu inayoonyesha ukurasa mweupe, kisha tazama ndani ya tone hilo: utaona vijipande vya nyekundu, kijani na buluu vimepangwa kwa safu, na hakuna cheupe hata kimoja. Weupe unaouona ni mianga hiyo mitatu ikiingia jichoni kwa pamoja. Sasa chukua kioo cha kukuzia, uangalie picha iliyotoka kwenye printa ya leza: utakuta vidoa vya sayani, ambayo ni buluu inayoelekea kijani, vidoa vya majenta, ambayo ni waridi iliyokoza inayoelekea zambarau, vya manjano na vya nyeusi, na kati yake weupe wa karatasi yenyewe. Skrini huanza na giza na kuongeza mwanga. Printa huanza na karatasi nyeupe, na kila tone la wino linaloongezwa linapunguza mwanga unaorudi machoni. Kwa hiyo zipo rangi ambazo skrini huzitoa bila taabu na ambazo wino wa ofisini hauwezi kuzifikia hata ukichapisha mwaka mzima, na zilizo mbali zaidi ni buluu kali, kijani kinachowaka na rangi ya chungwa iliyokolea.

Buluu ina shida yake ya pekee. Katika printa ya wino nne hakuna katriji ya buluu. Buluu hupatikana kwa kuweka sayani na majenta pamoja. Kiasi cha majenta kikikaribia kile cha sayani, macho yetu husema zambarau. Kanuni ninayoifuata sasa ni kuacha pengo la asilimia 30 au zaidi kati ya hizo mbili, yaani sayani ikiwa asilimia 100, majenta isipite 70. Buluu itakayotoka itakuwa tulivu kuliko ile ya skrini, lakini itabaki buluu.

Hapa naomba niseme jambo la lugha, kwa maana limenisaidia katika kazi. Kiswahili chetu kimezipa rangi nyingi majina ya vitu: manjano ni ile ya jikoni, kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, waridi ni ua, na rangi nyekundu iliyokoza tunaiita damu ya mzee. Vyote hivyo ni vitu vinavyoshikika, na rangi yake ni mwanga unaogonga kitu na kurudi, kama ilivyo kwa karatasi. Mteja akiniambia anataka rangi fulani, siku hizi simwombi picha, namwomba aniletee kitu chenyewe: kipande cha kitambaa, ganda, kopo la rangi ya ukuta. Picha ya simu imekwisha kupita kwenye kamera inayokisia weupe kwa hesabu zake, kisha kwenye kioo ambacho katika simu nyingi za leo kimewekwa tayari kukoleza rangi ili ipendeze.

Nilipoikagua kazi yangu ya kadi niligundua kosa langu kubwa lilikuwa katika namna nilivyotuma faili. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kazi ya kuchapisha lazima igeuzwe kuwa CMYK, yaani hesabu ya wino nne za sayani, majenta, manjano na nyeusi, nami nikaigeuza kwa wasifu wa rangi, yaani faili ya maelekezo ya kutafsiri rangi, uliotengenezwa kwa mitambo mikubwa ya kiwandani. Programu ya printa yangu ya ofisini iliipokea, ikairudisha katika RGB, yaani hesabu ya mianga ya skrini ya nyekundu, kijani na buluu, kisha ikaigeuza mara ya pili kwa hesabu zake yenyewe. Rangi iliyotafsiriwa mara tatu haiwezi kufika salama. Printa nyingi za ofisini zimeundwa zikitarajia faili ya sRGB, mfumo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Ipeleke faili katika mfumo huo, kisha uchague msimamizi mmoja tu wa rangi: ama programu unayotumia, ama printa. Ukiviruhusu vyote viwili kusahihisha, kila kimoja kitasahihisha masahihisho ya mwenzake.

Kosa la pili lilikuwa mwanga wa skrini. Monita yangu ilikuwa imepandishwa hadi mwisho, kama ilivyotoka dukani, na kwa mwanga ule kila kitu huonekana cheupe na chenye uhai, hata karatasi ikitoka unadhani imeungua. Dawa yake haina gharama. Fungua ukurasa mtupu mweupe, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, punguza mwanga mpaka viwili hivyo vikaribiane. Wenye vipimo huweka kati ya kandela 80 na 120 kwa kila mita ya mraba, lakini karatasi iliyo mkononi mwako itakufikisha karibu sana na hapo. Baada ya kufanya hivyo skrini itaonekana hafifu kwa siku mbili tatu, kisha jicho litazoea. Kuna vifaa vya kupimia rangi vinavyobandikwa kwenye kioo na kuisawazisha skrini kwa usahihi zaidi, na mwenye uwezo akinunua hatajuta. Hata hivyo, kifaa hicho kinaisahihisha skrini tu, hakiongezi uwezo wa wino.

Mwanga wa chumba nao usisahauliwe. Mezani kwangu, chini ya taa ya mrija, kadi na leso zilitofautiana kwa namna moja. Tulipotoka nazo mlangoni, kwenye mwanga wa saa nne asubuhi, zikatofautiana kwa namna nyingine. Rangi ya kitambaa na wino wa printa ni vitu viwili visivyo na asili moja, na vinaweza kulingana chini ya taa fulani na kuachana chini ya taa nyingine. Karatasi yenyewe pia hubadilika, kwa sababu karatasi nyeupe sana za ofisini hutiwa dawa inayong'aa kibuluu inapopigwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Ndani ya chumba chenye taa za LED miale hiyo ni haba, na karatasi ile ile huonekana ya maziwa. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuamua rangi mlangoni, kivulini, mbali na jua la moja kwa moja, na mteja akiwa amesimama pamoja nami.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo moja zaidi ambalo mwenzangu wa Nairobi huenda asilijali sana. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu inao wa kutosha, hasa wakati wa masika. Karatasi yenye unyevu haipokei tona, ule unga wa rangi, sawasawa katika printa ya leza: eneo kubwa la rangi moja hutoka na mabaka, na kingo hujikunja. Mimi huacha karatasi ndani ya kifungashio chake hadi dakika ya kuitumia, na zinazobaki nazifunga tena. Kabla ya kazi ya rangi huiamuru printa ijisawazishe kupitia menyu yake, na hufanya hivyo tena kila ninapobadilisha katriji.

Narudi kwa yule mama. Nilimwomba radhi na kumwahidi kwamba gharama ya kurudia ni yangu, nikamwomba aniachie leso hadi kesho. Nilitengeneza ukurasa wenye miraba 12 ya buluu, kila mmoja na namba yake, nikibadilisha kidogo kidogo kiasi cha nyekundu, kijani na buluu kutoka mraba hadi mraba. Niliuchapisha kwa printa ile ile, kwa karatasi nene ile ile ya kadi, kwa mipangilio ile ile nitakayotumia kwa kazi yote. Alipokuja tulisimama mlangoni, akauweka ukurasa juu ya leso na kuusogeza polepole, mraba baada ya mraba, kama anayechagua mchele. Alisimama kwenye namba 7. "Si yenyewe," alisema, "lakini hii ni dadake."

Namba 7 kwenye skrini ilikuwa buluu iliyopoa yenye kijani ndani yake, rangi ambayo nisingeichagua kamwe kama ningetazama kompyuta peke yake. Niliziandika thamani zake, nikaziweka kwenye faili ya kadi, nikachapisha moja, tukaiangalia tena juu ya leso. Hapo ndipo nilipochapisha zilizobaki 119.

Ukurasa ule wa miraba ninao hadi leo, umebandikwa ukutani kando ya printa, na chini yake nimeandika tarehe, aina ya karatasi na mpangilio wa ubora niliotumia. Pembeni yake sasa pana kurasa nyingine za kijani, za chungwa na za damu ya mzee. Kila katriji mpya inapoingia nachapisha ukurasa upya na kuulinganisha na wa zamani pale pale mlangoni, na mteja anapoingia na picha ndani ya simu yake, huwa namkaribisha kwanza ukutani.