Nilivyojifunza kumtetea mkandarasi

Mawakili wenzangu wengi hapa Mombasa hushikilia kesi za ardhi. Mimi niliingia za kasoro za majengo, upande wa kumtetea mkandarasi, na elimu yangu yote ya ujenzi ilikuwa kupita kando ya mijengo nikikwepa vumbi.

Mwalimu wangu alikuwa fundi mkuu mmoja mzee. Tulisimama kwenye roshani huko Nyali, zege limebanduka, vyuma vimevimba kwa kutu. "Mwanangu," akaniambia, "usiulize kama kuna chumvi. Pwani hii chumvi iko kila mahali. Uliza imeingia lini."

Tangu hapo, kabla ya kuandika utetezi, namwomba mhandisi atoboe sampuli za zege zikapimwe maabara, tabaka kwa tabaka. Chumvi ikiwa nyingi kwa nje na ikipungua kadiri unavyoingia ndani, imeletwa na upepo wa bahari, na swali linahamia kwenye michoro: nani aliamua chuma kifunikwe kwa zege jembamba vile? Kama ni mhandisi wa michoro, naiomba mahakama idhini ya kumwingiza kesini. Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010 zinatoa siku 14 tu baada ya pande kumaliza kubadilishana hati. Lakini chumvi ikiwa sawasawa nje mpaka ndani, ilichanganywa siku ileile ya kumwaga zege, kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima. Hapo namshauri mteja tutafute suluhu. Wengine hununa. Mmoja alichukua faili lake akaenda kwa wakili mwingine.

Mkataba nao nausoma mapema. Ukiwa na kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inataka uombe kesi isimamishwe usipite siku unayoitikia wito. Napenda njia hiyo, ingawa msuluhishi hulipwa na wahusika: akiwa mhandisi, huna haja ya kumweleza nondo ni nini.

Kesi moja ya Mtwapa chumvi ilikuwa sawasawa kabisa, nikajua tumekwisha. Kumbe mkandarasi alikuwa amemwandikia mwenye jengo kuyakataa maji ya kisima chake, na nakala ya barua ilikuwa na mhuri wa kupokelewa. Madai yaliondolewa kabla ya kusikizwa, kila upande ukabeba gharama zake.