Siku moja maishani mwangu: sweta mbili Mombasa

Saa 11 alfajiri. Likoni bado giza, lakini joto limeniwahi kuamka. Naoga, navaa shati jepesi na makubadhi, nabeba begi langu. Ndani mna sweta mbili za sufu, kofia ya kuziba masikio, soksi nene na jaketi lililojaa kama godoro. Siku moja kwenye feri mzee mmoja alilichungulia akaniuliza, "Yakhe, wenda Ulaya?" Nikamwambia naenda Shimanzi, hapa hapa kisiwani Mombasa. Akacheka mpaka tukafika ng'ambo.

Mimi ni karani wa ghala la baridi. Nahesabu jodari, nguru, pweza na kamba. Chumba chetu kikubwa hukaa nyuzi 22 chini ya sifuri, na nje, mwezi kama huu wa Machi, ni 32. Hesabu mwenyewe: nyuzi 54, na kinachotenganisha ni mlango tu.

Saa 1 kasorobo. Nimefika, mgongo umelowa chapa. Matatu ilijaa.

Sasa hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea. Hudhani adui ni baridi, kumbe ni jasho. Wiki yangu ya kwanza nilivaa jaketi juu ya fulana ya pamba niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Pamba ikishakunywa maji haiyaachi. Nusu saa haikwisha, mgongo ukawa kama nimeegemea bati la barafu, na jaketi lote lile halikunifaa kitu.

Kwa hivyo nakaa kwanza chini ya pangaboi dakika 10, kifua wazi. Najifuta kwa taulo hadi makwapani. Kisha fulana ya nailoni kama za wachezaji mpira, imebana mwilini ili inyonye jasho na kulitoa nje. Juu yake sweta mbili nyembamba. Moja nene haifiki hapo, maana nguo haina joto lake, joto ni lako, nayo kazi yake ni kufungia hewa iliyotulia. Mwisho jaketi la kuzuia upepo, kwa sababu mle ndani mna mafeni makubwa yanayovuma mchana kutwa. Zipu siifungi mpaka nimefika mlangoni.

Nguo zangu nzuri zote nimezitoa sokoni Kongowea. Robota la mitumba likifunguliwa, watu wagombania jinzi. Mimi nasubiri yale majaketi ya theluji ambayo muuzaji mwenyewe hajui atamwuzia nani hapa Mombasa.

Saa 1. Pumzi ya kwanza huchoma pua. Vinyweleo vya ndani huganda vikanata. Kufikia safu ya tatu, masharubu yangu yameota unga mweupe. Kalamu ya wino hugoma humu, kwa hivyo natumia penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao. Mkononi nina glavu mbili, nyembamba ndani na ile isiyogawanya vidole juu, maana vidole vikilala pamoja hupashana joto. Nikiandika navua ya juu tu. Chuma cha rafu sikigusi kwa mkono mtupu wenye unyevu. Ngozi itabaki pale.

Kwetu ni dakika 45 ndani, 15 nje. Nje nafungua zipu papo hapo, nakunywa chai ya tangawizi, narudi. Hivyo hivyo mpaka mchana.

Saa 7. Wali, samaki wa kupaka, na malalamiko yangu ya kila siku kuhusu buti. Nilipoajiriwa nilipewa namba 42 kwa sababu ndiyo namba yangu. Nikivaa soksi mbili, mguu wabanwa, damu haipiti, vidole vyafa ganzi. Miezi miwili nimeomba 44 na kuambiwa nivae saizi yangu. Nikawa navaa soksi moja, na kwa kweli ilikuwa na joto kuliko mbili zilizobanwa.

Saa 8 na nusu. Kijana aliyeanza juzi katoka na ncha ya kidole nyeupe kama nta, haisikii. Alikuwa ameshaanza kukisugua. Nikamzuia, "Mdogo wangu, wacha, utachubua nyama. Tia mkono kwapani ukae." Rangi iliporudi alilia kwa maumivu. Msimamizi hakumrudisha ndani leo.

Saa 10. Nikitoka, miwani yaingia ukungu kote na simu yatota kama imetolewa kisimani. Navua kimoja kimoja, natundika. Kivukoni nasimama upande wa jua, peke yangu.

Saa 1 usiku. Soksi na fulana nazifua leo leo na kuzianika uani, kati ya leso za mke wangu. Hewa ya bahari hapa haikaushi sufu kwa usiku mmoja. Ndiyo maana nina jozi tatu.