Audacity au Reaper: mkato unaingia wapi

Ubishi wa Audacity na Reaper, programu mbili za kuhariri sauti, huanzia kwenye bei: ya kwanza ni bure, ya pili unaijaribu siku 60 kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Lakini kinachokula muda wa mhariri ni namna kila programu inavyokata.

Chukua mahojiano ya saa moja, watu wawili, kila mmoja na maiki yake na traki yake (mstari wake wa sauti). Mgeni anakohoa. Kwenye Audacity, ukichagua kikohozi kwenye traki ya mgeni peke yake na kukifuta pengo likazibwa, maneno yake yote yaliyobaki yanasogea kushoto, ya mtangazaji hayasogei. Ukifuta sekunde mbili, kuanzia hapo mgeni anajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Dawa ni kuwasha Sync-Lock, inayofanya traki zisogee pamoja, kwenye menyu ya Tracks kabla ya mkato wa kwanza. Na kama mtangazaji alikuwa anaongea wakati huohuo, usifute kabisa: chagua kikohozi, bonyeza Ctrl+L, kinyamaze bila kupunguza muda.

Kwenye Reaper, hakikisha hakuna kipande kilichochaguliwa, bonyeza S mwanzo wa kikohozi na S mwisho wake. Traki zote zinakatika pamoja. Chagua vipande vya kati, futa, huku ripple editing (kinachofuata kusogea kuziba pengo) ikiwa kwenye hali ya traki zote. Ni haraka mno, ila ukisahau kuizima halafu ukasogeza muziki wa mwanzo, kipindi kizima kinahama nao.

Kelele ya feni nayo ina mitego yake. Audacity inataka sampuli: chagua sekunde moja isiyo na mtu anayeongea, fungua efekti ya Noise Reduction ubonyeze Get Noise Profile, kisha chagua traki nzima na uitumie. Fanya hivi kabla ya kukata, maana kimya unachokihitaji ndicho utakachokitupa mapema. Kupunguza kwa desibeli 12 kwa kawaida kunatosha; ukizidisha, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Reaper ina efekti yake, ReaFIR, ukiiweka kwenye hali ya Subtract (kutoa kelele): weka tiki ijifunze kelele, cheza feni peke yake, toa tiki. Ukiiacha tiki, ReaFIR itajifunza sauti ya mgeni na kuanza kuila.

Kwa sauti moja, tangazo au shairi, Audacity inatosha na ni nyepesi kujifunza. Mahojiano ningeyapeleka Reaper, kwa sababu mkato haugusi rekodi yenyewe: wiki ijayo unavuta ukingo wa kipande na neno ulilolikata linarudi. Audacity ukishafunga mradi, historia ya kutengua imekwenda.

Uzito wa faili pia hutofautiana. Saa moja ya traki moja, Hz 44,100 na biti 32, ni takriban MB 635, na Audacity huiweka yote ndani ya faili lake la mradi, aup3. Faili la mradi la Reaper, RPP, ni maandishi tu, sauti zenyewe ziko nje yake. Ukilibeba peke yake kwenye flashi, kule uendako utafungua vipande vitupu. Tumia Save As na uweke tiki ya kunakili sauti zote kwenye folda ya mradi.