Wenye Maksai

Kazi iliyotupeleka kijijini ilikuwa imeshaandikwa kwenye mpango kabla hatujafika: kuchora ramani ya wadau wa kilimo na ushawishi wao, ili mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi ujue uanze kuzungumza na nani. Eneo lenyewe lilikuwa nusu kame, la msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe ilikuwa imezoea kuchelewa na kukatika katikati ya msimu. Mradi ulikuwa na mambo mawili ya kutoa: mbegu zinazokomaa mapema na utabiri wa msimu. Mimi nilikuwa mwezeshaji.

Njia tuliyotumia inaitwa Net-Map. Aliyeibuni ni Eva Schiffer, alipokuwa Ghana na taasisi ya utafiti wa sera za chakula ya IFPRI, akifuatilia usimamizi wa maji katika bonde la Volta Nyeupe. Naipenda hadi leo kwa sababu haihitaji kompyuta, na asiyejua kusoma hashindwi kuifuata. Mnatandika karatasi kubwa chini, mnamtaja kila mwenye mkono katika jambo, jina lake linaingia kwenye kadi. Kisha mnachora mishale: rangi moja ya fedha, nyingine ya amri, nyingine ya ushauri na habari. Mwisho mnajenga minara. Sisi tulitumia vizibo vya chupa, vikapangwa juu ya kila kadi kwa kadiri ya nguvu ya mdau huyo. Hapo ndipo watu huanza kubishana, na kwangu ubishi huo una faida kuliko ramani yenyewe.

Wanaume tulikaa nao asubuhi, wanawake mchana, makusudi. Ramani ya wanaume ilikwenda haraka. Ofisi ya wilaya ikapata mnara mrefu kuliko wote, ikifuatiwa na mradi wetu, mwenyekiti wa kijiji na afisa ugani. Haikuwa ramani mbaya. Ukifuata mishale ya fedha na amri ndivyo mambo yalivyokuwa.

Mchana, chini ya mti uleule, alikuwepo mama mtu mzima ambaye wenzake wote walimwita Bibi. Alikuwa mjane, analima peke yake na wajukuu. Alikaa miguu imenyooka, vizibo amevifumbata kiganjani, hakuweka hata kimoja wakati wenzake wanajenga. Nikamsogelea.

“Bibi, huyu afisa ugani tumpe vingapi?”

“Nguvu ya kufanya nini, mwanangu?”

Swali lililotoka ofisini lilisema “ushawishi katika kuhimili mabadiliko ya tabianchi”. Nikalipunguza: nguvu ya kuamua kama watu watazipanda hizi mbegu mpya.

“Kupanda nitapanda. Wewe uliza nitapanda lini.”

Wanawake wakacheka, halafu wakanyamaza, kisha wote wakaanza kuongea kwa wakati mmoja. Mwenzangu aliyekuwa akiandika kumbukumbu alishindwa kuwafuata. Mmoja akaomba kadi tupu, akataka iandikwe “wenye maksai na plau”. Bibi akafungua kiganja na kuvipanga vizibo vyake vyote juu ya kadi hiyo. Vilipokwisha akachukua vingine kutoka kwenye ofisi ya wilaya.

Nitaeleza walichonieleza, maana ndicho kiini cha yote. Ardhi ya pale hukauka kiangazi ikawa ngumu kama sakafu ya saruji; jembe la mkono linadunda. Asiye na maksai husubiri kulimiwa. Mwenye maksai hulima kwanza shamba lake, halafu la ndugu zake, halafu la anayelipa taslimu. Asiye na taslimu analipa kwa kazi, yaani palizi katika shamba la mwenye maksai. Kwa hiyo mjane analimiwa mwisho, mvua za kupandia zikiwa zimeshampita, na wakati magugu yanameza shamba lake yeye yuko kwenye shamba la mtu akilipa deni. Anachelewa mara mbili. Mbegu ya siku chache umpe, utabiri umpelekee kwenye simu mapema. Zamu yake ya plau iko palepale.

Chuoni tulisomeshwa mgawanyo wa Mitchell, Agle na Wood wa mwaka 1997, kwamba mdau hupimwa kwa nguvu, uhalali na uharaka wa dai lake. Nilikuwa nimeukariri na kuutumia mara nyingi. Pale chini ya mti niliuona kwa macho: Bibi alikuwa na uhalali wote na uharaka wote, na kwenye karatasi kadi yake haikuwa na kizibo. Upande wa pili walikuwa watu ambao hakuna dodoso lililowahi kuwataja, kwa kuwa hawana ofisi, hawana mhuri, hawana katiba ya kikundi.

Hilo la mhuri lilitusumbua. Msimamizi mmoja wa mradi alipoiona rasimu alitaka kadi ile iondolewe. Kwake mdau ni taasisi, na wenye maksai ni watu binafsi tu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mradi unaopeleka mbegu na utabiri bila kuzungumza na anayeamua siku ya kupanda unawapa nafuu wale ambao tayari wana nafasi, na pengo linazidi. Tulibishana sana, na kadi ikabaki.

Mkutano wa pamoja niliungoja kwa wasiwasi. Niliogopa wenye maksai watajiona wameshtakiwa, na sisi tungeondoka tukawaacha wanawake na wenye plau wao. Kwa hiyo hatukuionyesha minara. Tuliwatandikia kalenda ya msimu, kuanzia kiangazi hadi mavuno, tukamwomba kila mmoja aweke jiwe pale anapopanda. Mawe ya wachache yakakaa mwanzoni mwa mvua, mengi yakarundikana mbele. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani.

Mzee mmoja mwenye jozi mbili za maksai ndiye aliyevunja ukimya. Alisema maksai wake wanatoka kiangazi wakiwa mifupa. Akiwafunga nira siku ya mvua ya kwanza wataanguka kwenye mfereji. Lazima wale majani mabichi kwanza, wapate nguvu. “Mnaona nawachelewesha,” akasema, “na mimi nachelewa.” Alisema kweli, na mifugo ya maeneo kame kwingi iko hivyo. Nguvu yake kwa Bibi ilikuwa kubwa, lakini yeye naye alishikwa na malisho, na malisho yalishikwa na yeyote aliyeweza kuamua sehemu gani ifungwe kwa ajili ya kiangazi. Tulirudi kwenye ramani tukaongeza mshale huo. Niliwasimulia habari za ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma huko Shinyanga, na mzee akauliza maswali mengi kuliko yaliyoulizwa siku nzima kuhusu mbegu.

Kwa wasio na maksai tulizungumzia mashimo ya kupandia, yale ambayo Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso aliyaboresha na kuyaeneza. Shimo huchimbwa kiangazi, kina cha sentimita 10 hadi 20, linatiwa samadi, linangoja mvua. Mchwa huifuata samadi na kutoboa njia ambazo maji huingilia. Kazi yake ni nzito, sikuwaficha, na kwa mtu wa umri wa Bibi ni nzito zaidi. Lakini mwenye mashimo hamsubiri mtu. Wanawake wakakubaliana kuchimba kwa zamu, shamba kwa shamba, wakianza na wajane. Wenye maksai, baada ya maneno mengi, wakakubali kwamba atakayelipa kwa palizi amalize kwanza palizi yake. Hilo la mwisho lilidaiwa na wanawake wenyewe. Halikuwa kwenye mpango wetu wala lisingeingia akilini mwangu.

Msimu uliofuata tulirudi kuichora ramani upya. Bibi alikuwa amepanda sehemu ya shamba lake kwenye mashimo, na sehemu hiyo ilipata mvua ya kwanza. Iliyobaki ilisubiri plau kama kawaida. Ahadi ya palizi baadhi ya wenye maksai waliitimiza, wengine hawakuitimiza, na majina yao yalitajwa hadharani bila woga. Mnara wa wenye maksai ulikuwa umepungua. Kisha mwanamke mmoja akaomba kadi mpya, “wenye samadi”, akaanza kupanga vizibo. Mashimo yanataka samadi, samadi iko zizini, na wenye mazizi ni walewale wenye maksai. Tukatandika karatasi nyingine.