Kufundisha kemia chuo, mambo yake

Ukisema tu unafundisha kemia chuo, mtu wa pembeni kwenye daladala atakuuliza kama unajua kutengeneza sabuni ya maji, na kusema kweli najua. Ila ngazi za hii kazi ni ndefu jamani, unaanza mkufunzi msaidizi, ukimaliza masta unakuwa mhadhiri msaidizi, PhD ndo unaitwa mhadhiri, na uprofesa wanataka machapisho sio mvi tu.

Mi raha yangu iko maabara. Mwanafunzi anadondosha haidroksaidi ya sodiamu kwenye asidi tone kwa tone, fenolfthalini, ile dawa inayogeuka pinki asidi ikishaisha, imo humo, mara pinki hafifu inatokea na inagoma kupotea, basi funga koki hapo hapo! Wengi wanapitiliza, inakolea kama ubuyu wa Zanzibar, namwambia mwanangu mwaga, anza upya.