Kupanda mto Sangha: sapeli moja, sheria mbili

Ukitoka Ouesso kupanda mto Sangha, kulia ni Kongo-Brazzaville na kushoto ni Kameruni. Ukiipita Bomassa, hukawii kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati. Fedha ni ileile, faranga ya CFA, lakini viza ni tatu, na kila moja ina bei inayouma. Mafuta ya boti nayo ghali, na ubao wa kukalia hauna huruma.

Kituo kimoja cha ukaguzi upande wa Kongo kilituweka kutwa nzima kwa sababu ya mhuri. Ndipo nikamtazama mpimaji akiihangaikia sapeli, mbao inayotafutwa sana huku. Mti hupimwa mita 1.30 kutoka ardhini. Ukiwa na mizizi bapa, ile inayoinuka kama kuta kando ya shina, unapanda ngazi hadi sentimita 30 juu ya pale inapoishia. Kwanza kata mitambaazi na ukwangue magome yaliyolegea, kwani utepe ukipita juu yake mti mwembamba huhesabika mnene. Utepe ukienda mshazari, vilevile. Wanaoharibu zaidi ni wanaokadiria kwa macho wakiwa chini: wanapima mizizi, si shina.

Mzingo ulikuwa sentimita 290, yaani kipenyo cha 92 hivi. Kongo inaruhusu sapeli ikatwe kuanzia 80. Kameruni, ng'ambo tu ya maji, ni 100. Ungeota kule, msumeno usingeugusa.

Hilo liliniuma kuliko kutwa niliyopoteza. Hifadhi za nchi hizi tatu, Lobéké ya Kameruni, Nouabalé-Ndoki ya Kongo na Dzanga-Ndoki ya Afrika ya Kati, ziliunganishwa kwa makubaliano ya Yaoundé ya mwaka 2000, zikawa urithi wa dunia mwaka 2012, na kipo kikosi cha pamoja cha askari wa nchi tatu dhidi ya majangili. Lakini kwenye vitalu vya mbao kila nchi inafuata kitabu chake, ingawa mkataba wa Brazzaville wa 2005 unazitaka zioanishe sera za misitu.

Nikawaza kwetu Kagera. Msitu wa Minziro unaendelea hadi Malabigambo, Uganda, na mpaka ni mstari wa ramani tu. Upande wetu ni hifadhi ya mazingira asilia. Gogo la podo, mti wa mbao wa huko, likishavushwa, mkaguzi wa upande wa pili atajuaje limetoka kisiki kipi? Bila daftari la pamoja la namba za visiki, hana pa kuanzia.