Kobe, sungura na wagonjwa wa kiharusi: siku yangu kazini Hong Kong

Saa 1:00 asubuhi. Treni ya MTR imejaa hadi mlangoni. Nimesimama na spika za masikioni, nasikiliza rekodi ya mgonjwa wa jana. Wanaonitazama watadhani ni muziki.

Ninachunguza afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kudhurika, kwa wazungumzaji wa Kichina. Mara nyingi chanzo chake ni kiharusi kilichoathiri upande wa kushoto wa ubongo. Akili mgonjwa anayo, watu wake anawatambua, chai anayoitaka anaijua. Neno ndilo halimjii, au linakuja jingine.

Saa 3:00. Mgonjwa wa leo ni mzee aliyekuwa akiuza samaki sokoni, kaja na mkewe. Maswali anauliza mwenzangu mzaliwa wa hapa, mimi nashika kamera na karatasi. Kikantoni, Kichina cha hapa, kina toni sita, na silabi ileile ikibadilishwa toni inakuwa neno jingine. Kiharusi kinaweza kuvuruga hata hizo toni, kwa hiyo lafudhi yangu ya Morogoro isiingie kwenye kipimo.

Anaonyeshwa picha, ataje ni vitu vingapi. Huku huwezi kusema tu "samaki wawili". Kati ya namba na jina lazima kikae kineno cha kundi la kitu hicho: vyenye mpini vina chao, vilivyo bapa vina chao, virefu vina chao. Mwenye kuzijua ngeli zetu hatashangaa sana. Samaki huchukua "tiu", lakini mzee anasema "go", kile cha jumla ambacho wagonjwa wengi hukimbilia. Muuza samaki! Mkewe anacheka, anataka kumsahihisha. Mwenzangu anamwomba kwa upole, mama, mwache ajaribu mwenyewe.

Saa 4:30. Anasimulia hadithi ya kobe na sungura. "Sungura... lala... kobe... kobe..." Vidole viwili vinatembea mezani hadi ukingoni, kisha anapiga makofi. Kobe kashinda, tumeelewa sote.

Saa 7:00. Wali na bata wa kuchoma, haraka haraka.

Saa 8:00. Unukuzi, kazi inayokula mchana wote: kila kusita, kila "aa", kila neno lililokatika. Nami naipenda saa hii, kwa sababu ndiyo inayonirudisha kwenye swali lililonileta huku: kwa nini baadhi ya wagonjwa hupotewa na vitenzi zaidi?

Mafundisho ya mwanzo kuhusu afasia yalitoka kwa wagonjwa wa Ulaya: daktari Paul Broca, Paris, 1861, na mgonjwa wake aliyebakiwa na silabi "tan", kisha Carl Wernicke, Mjerumani, 1874. Wagonjwa wa aina ya Broca, wanaoelewa mengi lakini hutoa maneno machache kwa tabu, walionekana kusumbuliwa zaidi na vitenzi, na baadhi ya wataalamu wakasema ni uzito wa viambishi ambavyo vitenzi hubeba. Basi Kichina kingewasalimisha, maana kitenzi chake hakibebi nafsi wala hakinyambuliwi kwa wakati. Mwaka 1991 mtafiti wa saikolojia ya lugha Elizabeth Bates na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Kichina: wa Broca walikwama kwenye vitenzi, wa Wernicke, wanaotiririsha maneno yasiyoeleweka, kwenye nomino. Hata ndani ya neno ambatano kama "chi fan", "kula" na "wali", wa Broca walielekea kupoteza ile sehemu ya kitenzi.

Kwa hiyo viambishi peke yake havitoshi kuwa maelezo. Natamani swali hili lipimwe pia upande wa pili, kwa Kiswahili, ambako "nitamwona" ni sentensi nzima ndani ya neno moja.

Saa 11:00 jioni. Binti wa yule mzee anapiga simu: baba atapona? Namwambia ninaloweza kusema kwa haki. Nafuu kubwa mara nyingi huja miezi ya mwanzo, lakini tiba ya usemi husaidia hata baadaye. Asimmalizie sentensi, amuulize maswali ya ndiyo au hapana, na kalamu na karatasi viwe karibu.

Saa 12:00. Nafunga kompyuta. Kesho tunaye mama mwenye afasia ya Wernicke. Huyo maneno yanatiririka bila kituo, mengi hayaeleweki, na kuyanukuu kutanichukua wiki nzima.